Kola za Namba Tatu

6 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya na mdomo. Mimi ni mzima isipokuwa miguu, na kosa ni lako. Wewe ndiye uliyesema viatu vya ofisini lazima visikike. Haya, vinasikika. Nikienda msalani ghorofa nzima inajua.

Baba amenipigia simu kwamba daktari kamwambia afanye mazoezi, na kwamba amenunua baiskeli. Nilipomuuliza kama anajua kuendesha akaanza kuulizia hali ya hewa ya huku. Niambie wewe ukweli.

Sasa habari zangu. Kampuni hii kazi yake ni kushauri. Mwenye kiwanda au hoteli akiona mambo yake yanakwenda kombo, anawaita hawa wamwambie kwa nini. Wenyewe hawajawahi kuendesha kiwanda wala hoteli, ila wanavyoongea utadhani walizaliwa jikoni kwake. Sisi wanafunzi wa mafunzo tuko sita. Tumepewa meza moja ndefu, kadi za kuning'iniza shingoni, na likizo nzima hadi mwisho wa Agosti ya kuonyesha tuna nini kichwani. Kati yetu sita, wawili wataahidiwa kazi wakimaliza chuo. Wanne waliobaki watapewa cheti na kikombe chenye nembo ya kampuni. Kikombe sikitaki, shangazi. Naitaka ile kazi mpaka naiota.

Bosi tumembatiza Bwana Kwa Ufupi, maana kila akisimama anaanza na "kwa ufupi," halafu tunakaa saa nzima. Wiki hii nimebeba viti, nimetoa nakala za karatasi mpaka mashine ikachoka, na nimejifunza kusema "nitalifuatilia" bila kujua nafuatilia nini.

Andika upesi. Najua simu kwako ni ya kusema "umefika?" tu, kwa hiyo nanunua stempu kama mtu wa zamani.

Mwanao

17 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Barua yako ilifika hapa karakana kwenye sanduku la posta, nikaipata wakati wa chakula cha mchana. Tulicheka sana hapo kwenye viatu. Endelea kuvivaa. Mtu asiyesikika akija hakumbukwi akiondoka.

Baba yako hajui kuendesha baiskeli na hajawahi kujua. Tulipokuwa wadogo mimi ndiye niliyeendesha, yeye alikaa nyuma amenikumbatia analia. Juzi kaingia na baiskeli kwenye ua wa jirani. Tulipomkuta kalala majanini akasema alikuwa anakagua maua.

Viti usivione kazi ya chini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Leo unabeba kiti, kesho wanakukalisha.

Huku tumepata oda kubwa ya sare za shule. Mimi niko kwenye kola, palepale pangu, na hakuna wa kunifikia. Niliingia karakana hii wewe hujaota meno, na mpaka leo mkono wangu ndio wa mbele. Jirani yangu wa mashine anakusalimu, yule mama tunayemwita Kobe kwa sababu hana haraka hata nyumba ikiungua. Miaka kumi na moja tumekaa bega kwa bega na sijawahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimnyeshea.

Kula vizuri.

Shangazi yako

2 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imefika, na mwenzangu wa meza aliiona akauliza kama ni tangazo la mnada. Mbona herufi zimekuwa kubwa hivyo? Maneno manne kwenye mstari! Karatasi zitakwisha nchini.

Mwambie baba akakague maua ya nyumbani kwanza.

Sasa kaa kitako nikusimulie. Nimepewa kazi ya kweli! Kuna karakana ya kushona imeomba ushauri. Wanataka kupunguza mtu mmoja na hawajui nani. Jina la karakana tumefichwa, na mafundi wenyewe hawana majina, wana namba, moja hadi ishirini. Vijana wawili wa kampuni walikwenda na saa wakawakalia siku nne wakihesabu. Mimi nikapewa karatasi zao nitengeneze jedwali. Karakana za kushona ziko kila mji, kwa hiyo usianze kushika moyo.

Jedwali langu lina rangi. Kijani ni wa kusifiwa, njano ni wa kuangaliwa, nyekundu ni asiyehitajika. Mafundi wengi wanatoa kola ishirini, ishirini na mbili kwa siku. Namba 3 ni balaa, thelathini na moja! Huyo nimempa kijani iliyokolea. Halafu kuna namba 14. Kola tisa, shangazi. Siku nzima, tisa! Nikampiga nyekundu mstari mzima. Bwana Kwa Ufupi akaja akasimama nyuma ya kiti changu, akatazama, akasema, "Safi." Basi. Neno moja! Hajawahi kusema neno moja tangu tumfahamu. Jedwali litakwenda kwa mwenye karakana tarehe 27 Agosti, na wenzangu tayari wameanza kuniangalia kwa jicho la pembeni.

Niambie umefurahi.

Mwanao msomi

14 Julai

Mwanangu msomi,

Marahaba. Tumepata barua yako na tumefurahi kwamba umepewa kazi ya kweli. Ila katikati wino umemwagika, kuna mahali pazima hapasomeki. Kama ulisema jambo la maana pale, rudia. Na herufi zangu ziache. Nina mengi ya kusema, yanataka nafasi.

Baba yako sasa anaweza kwenda mbele. Kukata kona bado. Akifika kwenye kona anashuka, anaigeuza kwa mikono, anapanda tena, na anasalimia watu kana kwamba ndivyo inavyofanywa.

Mimi nami nina habari, nilikuwa naibana isije ikaharibika. Mwezi wa tano walikuja hapa vijana wawili na saa zao, wakatubandika namba kifuani, wakatuhesabia kazi siku nne. Hatukuambiwa sababu. Leo meneja kanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba mimi ndiye wa kwanza karakana nzima. Namba 3, mwanangu! Anasema wakimaliza mambo yao huenda nikafanywa msimamizi. Msimamizi ana kiti chenye mgongo. Miaka yote hii nimekalia stuli, mgongo wangu unakijua kile kiti kwa jina.

Usimwambie baba yako kwanza, atataka kuja kukijaribu.

Shangazi yako, namba 3

25 Julai

SHANGAZI!

Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Nimeruka kwenye kiti mpaka kadi imenipiga puani. Namba 3 ni WEWE! Karakana niliyofichwa ni yenu! Yule fundi niliyempa kijani iliyokolea, ambaye Bwana Kwa Ufupi anamwita "kipimo cha wengine," ni shangazi yangu mwenyewe! Damu nzito kuliko maji, ila sikujua inaonekana hadi kwenye jedwali.

Sijamwambia bosi. Atadhani nimekupendelea, na mimi sikujua, haki ya Mungu. Itakuwa siri yetu mpaka mambo yaishe.

Na wino gani umemwagika? Naandika kwa bolpeni, shangazi, haina wino wa kumwagika. Narudia basi: karakana itapunguza mtu mmoja, na kwenye jedwali langu mtu huyo ni namba 14, anayetoa kola tisa kwa siku. Sasa wewe uko hapo hapo, hebu nisaidie. Ni nani huyo? Ni mvivu au ni mgonjwa? Nikipata sababu nitaiandika chini ya jedwali, wataona nimechimba kuliko wenzangu wote, na kazi nitakuwa nimeishika mkononi.

Jibu haraka kuliko baba anavyokata kona.

Mwanao

8 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Wiki mbili kimya. Nimepiga simu mara sita hupokei. Baba anasema u mzima, unakwenda kazini, unakula, ila akitaja jina langu unaamka kwenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Nimekosa nini?

Mwanao

10 Agosti

Mwanangu,

Leo sianzi na salamu, utanisamehe.

Mimi sioni. Usishtuke, si upofu. Cha mbali nakiona vizuri, namwona baba yako akianguka kutoka mwisho wa barabara. Lakini kitu kikija mkononi kinakuwa ukungu. Ni mwaka wa pili sasa. Tundu la sindano napapasa tu, na kola nashona kwa mazoea ya vidole. Barua zako siwezi kuzisoma hata neno. Nasomewa hapa karakana, wakati wa chakula, na anayenisomea ni Kobe.

Na Kobe ndiye namba 14.

Ile barua yako ya jedwali aliisoma vizuri, akafika mahali akasema wino umemwagika. Nikamwamini, ningejuaje? Ya pili ukaandika kwamba bolpeni haimwagi wino. Basi hiyo akaisoma yote. Alisoma "ni mvivu au ni mgonjwa" kwa sauti ileile anayosomea salamu. Alipomaliza akaikunja, akanirudishia, akasema, "Mtoto ana mwandiko mzuri." Akarudi kwenye mashine yake.

Sasa nikwambie zile tisa. Kati ya kola zangu thelathini na moja, zaidi ya kumi zinatoka zimepinda. Yeye huzichukua kwenye kapu langu kabla hazijafika kwa mkaguzi, anazifumua, anazishona upya, anazirudisha kwenye kapu langu. Na za mafundi wageni pia, wale wasichana watatu wanaojifunza. Sikumwomba. Siku niliyogundua nilinyamaza, na siku ya pili nikanyamaza, na kunyamaza huko kumefika miaka miwili. Vijana wenu walihesabu makapu. Langu limejaa, lake lina tisa.

Utaniuliza kwa nini sikusema. Fundi asiyeona huku hupelekwa kukunja na kufunga nguo, na mimi ni fundi. Hiyo ni sababu ya kwanza. Ya pili ni kwamba kile kiti nilikitaka. Ya pili naitaja kwa aibu, ila usidhani ilikuwa ndogo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nimeumbuliwa na posta.

Barua hii nimeiandika peke yangu, hajui. Nenda kawaambie namba 3 haoni. Usinifiche hata kidogo.

Shangazi

15 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama ngazini, kisha nikakaa palepale ngazini, watu wakanipita. Nimerudi kwenye karatasi za wale vijana. Kwenye mstari wa namba 14 waliandika, "Hufumua na kurudia kazi yake mara kwa mara." Yake! Niliyaona maneno hayo mwezi wa sita. Nikayaruka, kwa sababu hayakuwa namba.

Sasa nina neno na msomaji wetu. Mama, hapa usisome kwa sauti, mwambie wino umemwagika. Nilikuita mvivu. Sikukujua, na kibaya zaidi sikuona haja ya kukujua, namba ilinitosha. Ulikaa ukasoma matusi yangu hadi mwisho na ukausifu mwandiko wangu, na tangu nijue hilo siwezi kulala vizuri. Naomba unisamehe. Nitakwenda kusema jedwali ni bovu na kwamba nilijua namba 3 ni ndugu yangu nikaficha. Naogopa sana, ila shangazi asijue ninavyoogopa, atapanda basi aje kumgombeza bosi. Haya, endelea kwa sauti.

Kwa hiyo shangazi, hayo ndiyo yaliyoko. Usinune. Nitakwambia yatakayotokea.

Mwanao

29 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Baba amefika wapi na kona? Niambie jambo la kuchekesha, nalihitaji.

Nilikwenda kwa Bwana Kwa Ufupi siku tatu kabla ya mkutano na mwenye karakana, nikafunga mlango. Nikamweleza kola, kapu, macho, kila kitu. Nikamwambia jedwali limehesabu kinachotoka kwenye kapu la mtu, halikuuliza kimepitia mikono ya nani. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akasema, "Kwa ufupi," akasimama, akaenda dirishani. Nilihesabu magari saba yakipita chini.

Akauliza, "Na kwamba namba 3 ni shangazi yako, ulijua lini?"

Nikasema, "Tarehe ishirini na tano Julai."

"Leo ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na nne Agosti."

"Kosa la jedwali ni letu sote," akasema. "Mimi mwenyewe nililitazama nikasema safi. Vijana watarudi kule wahesabu upya, na ile nyekundu itatoka. Lakini huo mwezi wa kunyamaza ni wako peke yako, binti."

Alisema kweli, shangazi, na ndiyo maana iliuma. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa naona fahari, na nilitaka ile kazi.

Mkutanoni sikuingizwa. Jana wametangaza wawili waliochaguliwa, mimi simo. Nimepata kikombe. Nililia msalani, nikaosha uso, nikarudi ukumbini nikawapigia wenzangu makofi, na viatu vyangu vikanitangaza njia nzima. Narudi chuoni Jumatatu. Nasikitika sana, sitakudanganya, lakini usingizi umerudi.

Karakana imeamuaje? Huku hawaniambii tena lolote kuhusu ninyi, na wana haki.

Mwanao

19 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Sote ni wazima. Baba yako amekata kona. Juzi alikwenda posta kutuma barua yangu akarudi nayo, kumbe kwa furaha ya kona alipita posta bila kusimama, basi nakuandikia upya.

Umeona herufi zangu? Nimerudi kwenye mistari kama watu wengine, maana nina miwani. Kabla wale vijana hawajarudi nilikwenda mwenyewe kwa meneja nikamwambia sioni. Nilidhani atanipeleka kukunja na kufunga siku hiyohiyo. Akanipa ruhusa ya siku mbili niende kwa daktari wa macho, kisha akasema kiti cha msimamizi nikisahau. Nimekisahau. Yaani, najitahidi.

Kikombe chako kimeniuma kuliko kiti changu. Barua yako niliisoma mwenyewe, ya kwanza katika miaka miwili, nikafika kwenye makofi uliyowapigia wenzako nikashindwa kuendelea. Nilitamani wino uwe umemwagika kweli. Umepoteza ulichokiota, na mimi ndiye niliyekuwa na ukweli wake mfukoni muda wote nikiunyamazia. Nisamehe, mwanangu. Nasema waziwazi, si kwa kuzunguka: nisamehe.

Vijana wamehesabu upya, safari hii wakamfuata kila fundi mikono badala ya kapu. Kobe ana kola tisa zake na ishirini na tano za watu. Hakuna aliyepunguzwa, maana mwenye karakana aliona kwamba nusu ya alichokuwa anakisifu ni cha namba 14. Kamfanya yeye msimamizi. Kobe alipoambiwa aliuliza kama anaweza kwanza kumalizia mkono wa shati alioushika.

Kuna mahali kwenye ile barua yako ya kabla ya mkutano alipasoma kimya, na mpaka leo amekataa kuniambia. Barua amebaki nayo. Nilipoidai akasema si yangu.

Na kola zangu nimeziona. Mungu wangu! Siku ya kwanza ya miwani nilichukua moja niliyoishona asubuhi nikiwa bado sina miwani, nikadhani ni ya wale wasichana wanaojifunza, nikauliza kwa sauti kubwa ni nani kaleta aibu hii. Karakana nzima ikatazama mashine zake.

Nashona polepole sasa, kumi na mbili, kumi na tatu. Jana msimamizi mpya alipita kwenye kapu langu, akatoa kola moja, akaigeuza, akaniwekea mezani. Miaka miwili alizichukua bila neno. Jana akasema, "Fumua." Nikafumua. Nikashona, akairudisha tena. Nimefumua mara tatu, mwanangu, mbele ya wasichana. Ya nne aliitazama kwenye mwanga, akaiweka kapuni, akaenda zake.

Shangazi yako